Tupatane kwanza juu ya siku mbaya

Mama wapenzi, wengi wenu mnatuuliza: kikundi chetu kidogo cha kuuza sambaza kinawezaje kushirikiana na wenye mitumbwi bila kugombana? Ukweli ni kwamba tuligombana kwanza.

Mwanzoni tulipatana kwa mdomo tu. Sisi tulitoa feza ya petroli ya taa, nao wangetuuzia samaki mbele ya wengine. Kisha mwezi ukajaa. Ninyi mnaoishi kando ya Ziwa Kivu mnajua: sambaza huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiangaza, hawakusanyiki kwenye taa. Samaki walipungua, bei ikapanda, wavuvi wakamuuzia mwenye kulipa zaidi. Tukabaki na beseni tupu, na lilikuwa juma la kulipa minervale ya watoto.

Wengine kati yetu walitaka tuachane nao. Mama mmoja mzee akauliza: "Tukiwaacha, nani hapa atakwenda kuvua usiku?" Tukanyamaza. Lakini wavuvi nao hawakuwa na mtu wa kuanika na kuuza siku samaki wanapojaa, na sambaza asipoanikwa mapema anaoza. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Bila hicho, ushirikiano hauna msingi.

Tukaketi pamoja, tukaandika karatasi moja kwa Kiswahili, ili wote tuielewe:

- Bei inapangwa kila Jumatatu kufuatana na soko.
- Usiku wa mbalamwezi, wao hawatudai petroli, sisi hatuwadai samaki.
- Siku ya samaki wengi, hatuwakatalii. Wakioza, hasara tunagawana.
- Hesabu inasomwa kila Jumamosi mbele ya watu wawili wa kila upande.

Mama fulani aliuliza kama mume lazima atoe ruhusa. Sheria ya familia ilibadilishwa mwaka 2016: haisemi tena kwamba mke aombe ruhusa ya mumewe, bali inataka wote wawili wasikilizane. Basi, ongeeni nyumbani kabla ya kutia sahihi.

Mwezi umejaa tena mara nyingi tangu siku ile. Beseni hupungua, lakini hakuna anayekimbia. Mama, kabla ya kushikana mkono na mfanyabiashara mwingine, msiulize tu mtagawanaje faida. Ulizeni: siku ikiwa mbaya, tutafanyaje?