Wembe wa Babu: Mkali Siyo Safi



Kijana mmoja ameleta swali ambalo nimeona nilijibu hapa hapa kwenye ukurasa wetu, kwa sababu linagusa nyumba nyingi. Babu yake alipofariki, ndani ya sanduku lake walikuta kikasha bapa cha chuma king'aacho, na ndani yake wembe wenye mpini. Wembe huo hujinoa ndani ya kikasha chake. Sasa baba, kijana mwenyewe na mdogo wake wote watatu wanautumia, kwa kuwa unanyoa vizuri na haudai fedha ya dukani. Anauliza: je, kuna ubaya wowote?

Ubaya upo, lakini si ule ambao wengi wangeufikiria. Watu huogopa kutu na uzee wa chuma. Mimi naogopa kitu kingine, nacho nitakieleza baada ya kukifahamu kwanza chombo chenyewe, maana kwa kweli ni chombo cha akili.

Chombo chenyewe

Zamani mwanamume wa Ulaya alinyoa ndevu kwa wembe mrefu wa kukunja, ule ambao vinyozi wengine wanautumia hadi leo. Kabla ya kunyoa aliupitisha kwenye mkanda wa ngozi, na mara moja moja kwenye kinoo. Kazi hiyo ilitaka mkono uliozoea. Mwaka 1903 Mmarekani King C. Gillette alianza kuuza mashine ndogo yenye kijembe chembamba, kikiisha makali unakitupa na kuweka kipya. Ndicho kizazi cha nyembe tunazozijua sote. Lakini wapo walioona kwamba kutupa chuma kizuri ni hasara tupu. Wakatafuta njia ya kupata wembe ulio salama mkononi kama ule wa Gillette, ila usiotupwa.

Huko New York alikuwapo mvumbuzi aliyeitwa Henry Gaisman. Yeye alitengeneza mashine iitwayo AutoStrop: mkanda wa ngozi unapitishwa katikati ya kichwa cha mashine, unavutwa huku na huku, na kijembe kinageuka chenyewe kupata makali pande zote mbili bila kutolewa. Mwaka 1930 kampuni yake iliungana na ya Gillette. Gaisman alizaliwa 1869 akafariki 1974. Alikula chumvi nyingi kuliko wengi waliotumia wembe wake.

Uingereza nao walikuwa na wa kwao, na kwa maelezo ya kijana wetu naona ndio huo wa babu: Rolls Razor, uliotengenezwa Cricklewood, London, tangu miaka ya 1920. (Jina lisikudanganye, hauna uhusiano na yale magari ya kifahari.) Kikasha chake kina vifuniko viwili. Ndani ya kimoja kuna jiwe la kunolea, ndani ya kingine kuna ngozi. Wembe wenyewe ni kipande kinene cha chuma chenye makali upande mmoja. Unafungua kifuniko kimoja, unashika mpini na kuusukuma mbele na kuuvuta nyuma. Kila ukifika mwisho, wembe unapinduka kwa mlio wa "kla!" na kulala upande wa pili. Ngozi ni ya kila siku. Jiwe ni la mara chache, makali yanapochoka kabisa. Ukimaliza unauchomoa wembe, unaupachika kwenye mpini wenye kizuizi, unanyoa.

Kwa nini ngozi inatosha siku nyingi? Kwa sababu ncha ya makali ni nyembamba mno, na inapokutana na ndevu ngumu huanza kupinda kabla ya kulika. Ngozi huinyoosha. Jiwe hukwangua chuma na kuleta makali mapya. Basi wembe mmoja ukitunzwa unaweza kumhudumia mtu miaka na miaka. Kampuni yenyewe haikudumu kama wembe wake: iliingia kwenye biashara ya mashine za kufulia nguo, ikaanguka mwaka 1964. Nyembe za kutupa zilikuwa zimekwisha kushinda.

Kunoa si kusafisha

Hapa ndipo penye jibu. Wembe usiotupwa ni wembe unaokaa na kila alichouachia aliyeutumia jana. Na huu wa kujinoa unakaa nacho zaidi, kwa sababu ya ngozi ile.

Kila anayenyoa hujikata, hata asipoona damu. Wembe haukati nywele tu. Unaondoa pia utando wa juu wa ngozi ya mwili na kuacha mikwaruzo midogo sana. Hospitalini jambo hili tumelijifunza kwa njia ndefu. Nilipoanza kazi, kumnyoa mgonjwa kwa wembe kabla ya upasuaji lilikuwa jambo la lazima. Muuguzi mwanafunzi aliyemfikisha mgonjwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji bila kumnyoa alikiona cha moto. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba ile mikwaruzo ilikuwa inafungulia wadudu mlango, na vidonda vya waliopasuliwa vikaoza zaidi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliagiza waziwazi: nywele zisinyolewe kwa wembe kabla ya upasuaji; ama ziachwe, ama zipunguzwe kwa mashine ya kukata nywele pale inapobidi tu. Ikiwa wembe mpya katika mkono wa muuguzi unajeruhi, wa nyumbani utaachaje?

Sasa fuata safari ya damu ile isiyoonekana. Inabaki kwenye makali. Unasuuza kwa maji, sehemu inaondoka, sehemu inabaki. Kisha unarudisha wembe kwenye kikasha na kuupitisha juu ya ngozi mara 20 au 30. Kilichobaki kinapakwa kwenye ngozi. Kesho anakuja mwingine, anaunoa kwanza kama inavyotakiwa, na wembe unapita pale pale. Ngozi hiyo huwezi kuichemsha, itakakamaa na kuharibika. Huwezi kuiloweka kwenye dawa. Wembe unatoka ukiwa mkali kuliko jana, na hiyo ndiyo inayomdanganya mtu, maana mkononi ukali unajionyesha kama usafi.

Wengi wakisikia habari hizi wanafikiri UKIMWI tu. Ni kweli virusi vyake vinaweza kupita kwa wembe wenye damu mbichi, ingawa vikitoka mwilini ni dhaifu. Ninayemhofia zaidi kwa wembe wa nyumbani ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Huyu anaweza kukaa kwenye kitu kikavu, nje ya mwili, kwa siku 7 au zaidi na bado akaambukiza. Tone dogo lisiloonekana kwa macho linatosha. Mtu mzima anayeambukizwa mara nyingi hupona, lakini wengine hubaki naye maisha yote bila dalili yoyote, mpaka siku ini linaposinyaa au kupata saratani. Mtu huyo anaonekana mzima, analima, anaoa, na asubuhi ananyoa ndevu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi ya wanaume, nilimwuguza mzee mmoja aliyeletwa tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano. Alikuwa na homa ya ini B, na ini lilikuwa limeharibika sana. Wanawe walimletea vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: kanga ya kujifunika, kikombe, sabuni, na mashine ya kunyolea ya chuma. Nikauliza ni ya nani. Mmoja akajibu, "Sista, hiyo ni yetu sote nyumbani." Tuliwapima wana wote watatu. Wawili walikuwa hawana, mmoja alikuwa nacho. Je, ni wembe ule? Hakuna awezaye kuapa, kwa maana kirusi hiki hupita pia kutoka kwa mama wakati wa kuzaa, kwa watoto wadogo wanapocheza pamoja, na kwa kujamiiana. Lakini wale wawili walikuwa wamenyoa kwa chombo kile kile miaka yote, na sura zao walipopewa majibu sikuzisahau.

"Sisi ni ndugu wa damu moja"

Jibu hilo nalisikia kila ninapozungumzia nyembe kwenye mafunzo ya familia. Kweli ni ndugu. Lakini undugu wa damu hauzuii ugonjwa wa damu; tena ndani ya nyumba ndiko tunakoaminiana hadi tunasahau kujikinga. Akina baba nisameheni, lakini akina mama hawaazimani nyembe kama ninyi. Nyumbani kwa msiba ndiyo usiseme: wembe mmoja, vichwa kumi. Methali tunaijua, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ila maji hayo hayakusudiwi kusafisha wembe aliotoka nao yeye.

Najua pia ugumu wake. Kijana atamwambiaje baba yake, "Mzee, usinyolee wembe wangu"? Litaonekana tusi, kana kwamba anamwambia ana ugonjwa. Njia ninayoipendekeza ni ya kumpa, siyo ya kumnyima. Mnunulie mzee mashine yake ya kawaida na paketi ya nyembe, umkabidhi kwa mikono miwili: "Baba, hii ni yako peke yako, mtu asiiguse." Hakuna mzee anayechukia kuwa na kitu chake. Kila mtu afunge uzi wa rangi yake kwenye mpini, na mswaki pia uwe hivyo hivyo.

Tukubali jambo moja zuri kuhusu wembe wa babu: una makali mamoja tu. Kwetu wenye nywele za kujikunja, hilo ni afadhali kuliko zile mashine mpya zenye nyembe tatu au tano zilizopangana. Hizo huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Unywele ukianza kuota, unajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani au kurudi kuichoma kutoka nje. Ndivyo vile vipele vya kidevuni na shingoni, ambavyo vikitumbuliwa-tumbuliwa huacha makovu yaliyovimba. Mwenye vipele hivyo atumie makali mamoja, alainishe ndevu kwa maji ya uvuguvugu na povu la sabuni kwa dakika 2 au 3, anyoe kufuata nywele zinakoelekea, wala asivute ngozi. Asitafute kidevu laini kama cha mtoto. Vikizidi, aache kunyoa kwa wiki 3 au 4, ndevu zitoke; hapo ndevu ndiyo dawa. Na mwenye kisukari asipuuze hata kipele kimoja chenye usaha.

Sasa wembe ule ufanyweje?

Ukiniuliza mimi, uwekwe kabatini kama kumbukumbu ya babu, na wageni waonyeshwe unavyopinduka na kulia. Lakini kama kuna mmoja katika nyumba ile ambaye lazima autumie, basi awe mmoja tu, na achaguliwe leo. Wembe wenyewe utolewe, usuguliwe kwa sabuni na brashi, kisha uchemshwe kwa dakika 20 tangu maji yanapoanza kutokota. Kupangusa kwa spiriti au kupitisha kwenye moto wa kibiriti hakutoshi. Ile ngozi ya zamani iliyotumiwa na wanaume wote wa nyumba haichemshiki, kwa hiyo ibanduliwe, na fundi viatu aweke nyingine mpya. Kama hilo haliwezekani, wembe usitumike. Na asidanganyike kwamba kuchemsha kunaua kila kitu: mbegu za pepopunda huvumilia maji ya moto, kwa hiyo chanjo ya pepopunda inabaki pale pale.

Nyembe za kawaida zikiisha makali zisitupwe jalalani wala nyuma ya nyumba, wanakocheza watoto. Tafuta kopo la maziwa la bati, toboa tundu jembamba kwenye kifuniko, tumbukiza humo. Likijaa litumbukizwe kwenye shimo la choo.

Mwisho, kwa kijana aliyeuliza. Ninyi watatu nendeni mkapime homa ya ini B, hata kama hamjisikii kuumwa. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huu mwaka 2002, hivyo baba yenu hakuipata utotoni, na wewe angalia kadi yako ya kliniki kama bado ipo. Atakayekutwa hana kirusi wala kinga apate chanjo: dozi 3, ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Atakayekutwa nacho asikate tamaa wala asifichwe. Zipo dawa za kukituliza, aandikishwe kliniki na aache pombe. Nendeni pamoja siku moja, baba akitangulia.