Uhuru wa Jaji wa Kujieleza: Mfano wa Nakuru

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Je, jaji aliyeapa kuilinda Katiba anyamaze daima? Swali hili linamkabili kila mtafiti wa sheria anayechunguza uhuru wa majaji wa kujieleza. Makala haya yanalifafanua kwa kurejelea majaji wawili waliowahi kufanya kazi Nakuru.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na jaji ni mtu. Hata hivyo, Kifungu cha 168 kinaruhusu jaji aondolewe kazini akikiuka kanuni za maadili. Kanuni za Bangalore za mwaka wa 2002 zinapatanisha mambo haya: jaji ana uhuru huo kama raia yeyote, mradi autumie bila kuathiri hadhi ya cheo chake wala kuonekana anapendelea.

Kwa hivyo, mtafiti hana budi kupambanua kauli za aina tatu: hukumu, kauli ya kuitetea taasisi, na maoni ya kibinafsi.

Tuchukue mfano wa Joel Ngugi, profesa wa sheria aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu, Nakuru. Mnamo Mei 2021, alikuwa miongoni mwa majaji watano waliobatilisha mpango wa BBI wa kurekebisha Katiba. Mwezi uliofuata, Rais Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34 na kuwaacha sita waliopendekezwa, Ngugi akiwemo. Aliteuliwa katika Mahakama ya Rufaa Septemba 2022, chini ya Rais William Ruto. Jaji aliye katika hali kama hiyo akijitetea hadharani, kesho serikali itakapofika mbele yake itadai kwamba ana kinyongo. Akinyamaza, dhuluma hukosa msemaji.

Hapa ndipo kauli ya pili inapofaa. David Maraga, aliyekuwa wakili Nakuru kabla ya kuwa jaji mwaka wa 2003, alilalamika hadharani Novemba 2019, akiwa Jaji Mkuu, kuhusu kupunguzwa kwa bajeti ya Mahakama. Hakujadili kesi yoyote, aliitetea taasisi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua uzito wa viambishi. Kunyamaza si kunyamazishwa. Jaji hunyamaza kwa hiari ili mwenye kesi asikilizwe bila shaka yoyote. Akinyamazishwa, anayepoteza si yeye pekee, bali pia mwananchi anayetafuta haki.