Bukavu na Goma: Mafuta ya jikoni yanavyoziba fosi septike, na namna ya kuyazuia

Maji ya kuosha vyombo yanapoanza kukawia kwenye evye, familia nyingi za Bukavu na Goma hununua soda kali, humwaga na kungoja. Maji hupita siku chache, kisha yanasimama tena. Mara nyingi shida haiko kwenye evye. Iko chini zaidi, ndani ya tuyo na ya fosi septike, na kinachoileta ni mafuta yaliyobaki kwenye sahani ya sombe, kwenye karai ya sambaza na kwenye sufuria ya kukaangia mikate.

Miji hii miwili iko kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya ubaridi. Mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya digri 35 hivi. Ndiyo maana asubuhi mama wa Bukavu hulazimika kusogeza chupa ya mawese karibu na mbabula ili yamwagike. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya tuyo iliyofukiwa udongoni. Mafuta yanaingia yakiwa maji, yanapoa, yanashika ukuta wa tuyo. Chembe za bugali na majani ya sombe hunasa juu yake, na polepole tuyo yenye upana wa ngumi inabaki na tundu la kidole.

Wengi hudhani kwamba sabuni inamaliza mafuta. Sabuni inayavunja tu kuwa matone madogo, na matone hayo huungana tena mbele, maji yakipoa. Maji ya moto nayo huyeyusha mafuta karibu na evye na kuyapeleka yakagande mbali, mahali ambapo ni vigumu zaidi kufika. Isitoshe, maji yanayochemka yanaweza kulegeza na kupinda tuyo ya plastiki.

Soda kali ina hatari zaidi. Ikikutana na maji hutoa joto kali, inaweza kuruka na kuunguza macho na ngozi. Ikikutana na mafuta mengi inaweza kuyageuza kuwa bonge gumu la sabuni ndani ya tuyo. Ikifika kwa wingi kwenye fosi, inaua vijidudu vinavyofanya kazi ya kuozesha uchafu.

Shida hii si ya miji maskini tu. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, wafanyakazi walikuta bonge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Iliwachukua wiki nyingi kuliondoa. Tofauti ni kwamba kule bonge liliziba bomba la muji mzima. Huku kwetu nyumba nyingi zinategemea shimo lao wenyewe, na likiziba, gharama ni ya mwenye parseli.

Ndani ya fosi

Fosi septike inayofanya kazi vizuri ina tabaka tatu. Chini linatulia tope, katikati yanakaa maji, juu yanaelea mafuta na povu. Maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Mafuta yakizidi, tabaka la juu linakuwa nene hadi linafika kwenye mlango wa kutokea. Hapo mafuta yanaingia kwenye shimo la kunyonya na kuziba matundu madogo ya udongo. Shimo hilo likishaziba, vidanje ya fosi haileti nafuu ya kudumu. Mara nyingi inabidi kuchimba lingine.

Kuchimba lingine si jambo rahisi. Huko Goma, katika kata zilizofunikwa na volkano ya Nyiragongo mwezi wa kwanza 2002, watu huvunja jiwe la lava kwa nyundo, na mashimo mengi hubaki mafupi. Huko Bukavu, kwenye milima ya Kadutu, nyumba zimebanana na kwa nyingi gari la vidanje halina njia ya kufika. Fosi ya aliye juu ikifurika, maji machafu yanateremka hadi uani kwa jirani wa chini, kisha mtaroni, kisha ziwani. Na kuna familia zinazochota maji ya kupikia katika ziwa hilo hilo. Katika eneo ambalo kolera haijaacha kurudi, hilo si jambo la harufu mbaya tu.

Kuna hatari nyingine. Mtu asishuke kamwe ndani ya fosi ili kuizibua. Wakaaji wa Goma wanajua mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini na kuua watu na wanyama kwenye mabonde. Ndani ya fosi kuna gazi zinazoua kwa namna hiyo, na anayeruka kumwokoa mwenzake mara nyingi hubaki naye humo.

Cha kufanya

Hatua ya kwanza haina gharama. Kabla ya kuosha, sahani na sufuria zipanguswe kwa karatasi au kwa majivu. Karatasi itawashia mbabula, majivu yatatupwa pamoja na takataka za jikoni. Kichujio kidogo kwenye tundu la evye kitazuia chembe za chakula.

Hatua ya pili: mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye evye wala mtaroni. Yapoe, yatiwe ndani ya bidoni lenye kifuniko. Watengenezaji wa sabuni ya nyumbani wanaweza kuyachuja na kuyatumia.

Hatua ya tatu inawahusu wanaojenga, na pia mikahawa na kinamama wanaokaanga kila siku. Kati ya jikoni na fosi, karibu na nyumba, ijengwe sanduku la kunasa mafuta, ambalo mafundi huita baka grese. Maji yanaingia, yanatulia, yanapoa. Mafuta yanaelea, na maji yanatokea kwa tuyo inayochota chini. Kanuni za ujenzi za Ufaransa zinaweka lita 200 kwa maji ya jikoni peke yake, na lita 500 yakichanganyika na ya bafu. Maji ya choo yasipite humo hata kidogo.

Sanduku hilo halijisafishi. Mafuta yaondolewe kwa kijiko kikubwa kabla hayajafika robo ya kina chake. Likisahauliwa, mafuta yanapita kwenda fosini kana kwamba halikujengwa.

Fosi nayo ifunguliwe na fundi ili kupima tope, bila mtu kuingia. Likifika theluthi moja ya kina, wakati wa vidanje umefika. Kungoja hadi maji yarudi jikoni ni kuchelewa, maana hapo shimo la kunyonya huenda limeshakula mafuta, na mafuta yaliyoingia udongoni hakuna fundi wa kuyachota.