Suruali ya Dereva na Moyo wa Askari

Mnamo mwezi wa Septemba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliokusanya habari za watu karibu milioni 1.9 kutoka nchi 168. Wachunguzi walitaka kujua jambo moja: ni watu wazima wangapi katika kila nchi ambao miili yao haifanyi kazi ya kutosha kwa afya yao. Nchi ya Kuwait ilikuwa na hali mbaya kuliko zote, kwani watu 67 katika kila 100 hawakufikia kipimo kilichowekwa. Uganda ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Walioshindwa kufikia kipimo walikuwa watano au sita tu katika kila 100. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha mjini Kampala, ambako miezi miwili tu kabla yake taifa lilikuwa limeadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Mazoezi ya Mwili.

Furaha hiyo ilistahili. Hata hivyo, yafaa kila askari aliyesikia habari hizo ajiulize sifa yenyewe ni ya nani. Wachunguzi hawakuhesabu michezo peke yake. Walihesabu kazi ya kila siku na mwendo wa kwenda na kurudi. Kwa hiyo aliyeiletea Uganda sifa hiyo ni mkulima anayeamka alfajiri na jembe lake begani, na mama anayepanda mlima na dumu la maji kichwani. Hakuiletea karani, wala afisa anayefunguliwa mlango wa gari mbele ya ofisi na kufunguliwa tena jioni mbele ya nyumba. Kampala ni mji wa vilima, na mtu aliyetembea kutoka Mengo hadi Nakasero na kurudi alikuwa amekwisha fanya mazoezi ya siku nzima bila kujua. Leo kilima hicho hupandwa na bodaboda, chombo kilichoanza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, na abiria hufika juu bila hata kuhema.

Hatari iko wapi? Mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 duniani, yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu waliokufa mwaka ule. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zisizo tajiri. Si ugonjwa wa Wazungu tena.

Zamani ulidhaniwa kuwa wao peke yao, na sababu ya kudhani hivyo ilipatikana hapa hapa Kampala. Mwaka 1956, Dk. Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago na mwenzake walipoandika habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jambo hilo lilikuwa geni kiasi kwamba mgonjwa mmoja alitosha kuwa makala katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones, wa Kampala pia, waliandika kwamba ugonjwa huo ulikuwa karibu haupo miongoni mwa Waafrika wa Uganda, ilhali miongoni mwa Waasia wa nchi hii hii ulikuwa tatizo kubwa. Mwaka uliofuata ulitolewa ulinganisho wa maiti zilizopasuliwa Uganda na zile za mji wa St. Louis huko Marekani. Katika maiti 632 za Uganda ulionekana moyo mmoja tu wenye kovu la mshtuko. Katika idadi iyo hiyo ya watu wa umri huo huo huko St. Louis ilionekana mioyo 136.

Ni kweli kwamba madaktari wa Mulago walitia mkazo zaidi kwenye chakula, kwa kuwa ndizi na viazi havina mafuta mengi. Lakini mlaji wa ndizi hizo alikuwa pia mtu wa kutembea na kulima, na si rahisi kuyatenga mambo hayo mawili. Aliyefaulu kuyatenga ni daktari mmoja wa London, Jeremy Morris, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi la Uingereza huko India na Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Morris aliyachunguza mabasi ya ghorofa ya mji wa London. Kila basi lilikuwa na watu wawili, dereva na kondakta. Walikuwa watu wa tabaka moja na wa mitaa ile ile, wakavaa sare za shirika moja. Tofauti yao ilikuwa kwamba dereva aliketi karibu zamu yake yote, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli, ngazi zipatazo 500 hadi 750 kwa siku. Matokeo yalitolewa mwaka 1953. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipoupata uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na kuwaua kwa uchache zaidi. Morris akawaangalia watu wa posta, akaona mambo ni yale yale: wapeleka barua kwa miguu na baiskeli walisalimika kuliko makarani na wapokea simu walioketi.

Palizuka swali la haki. Je, haiwezekani kwamba watu wanene tangu mwanzo ndio waliochagua udereva? Jibu lilitafutwa mahali ambapo kila mtunza stoo wa kambi atapafahamu mara moja, yaani katika daftari la sare. Mwaka 1956 Morris na wenzake walitoa hesabu ya vipimo vya suruali za wafanyakazi wa mabasi. Ilionekana kweli kwamba viuno vya madereva vilikuwa vinene kuliko vya makondakta wa umri ule ule, hata kwa vijana walioajiriwa karibuni. Lakini walipogawanywa kwa kiuno, wembamba na wembamba, wanene na wanene, bado kondakta alikuwa na nafuu kuliko dereva. Kupanda ngazi kulimsaidia mwembamba, na mnene pia.

Askari anaweza kusema kwamba habari hizi hazimhusu, kwani yeye alikimbia depoo, akapiga kwata mpaka soli zikaisha. Jambo hilo lahitaji kuangaliwa kwa makini, maana jeshi lenyewe lina ushahidi wake. Katika mwaka ule ule wa 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa habari za askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikuwa vijana wa mstari wa mbele, wala hakuna awezaye kusema kwamba walikuwa wavivu. Hata hivyo, mioyo 77 katika kila 100 ilikwisha kuonyesha dalili za ugonjwa katika mishipa yake. Ugonjwa huo huanza kimya na mapema, nayo mazoezi ya ujana hayamlindi mtu maisha yake yote.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi. Katika miaka ya 1960, Shaper yule yule wa Kampala aliwafuata vijana wa Kisamburu wa kaskazini mwa Kenya, wafugaji wa kutembea mbali na kunywa maziwa mengi, ambao shinikizo la damu yao lilikuwa la chini na halikupanda kwa umri. Baadhi yao waliandikishwa katika jeshi la Kenya. Baada ya muda wa utumishi shinikizo lao likaanza kupanda, na wachunguzi wakanyosha kidole kwenye chumvi ya posho ya kambini. Hawakuacha kutembea wala kubeba silaha. Chungu kilikuwa kimebadilika. Kwa hiyo anayekimbia asubuhi na kula mchana chakula kilichojaa chumvi, kisha akavuta sigara jioni, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Moyo ni msuli, mkubwa kama ngumi ya mwenyewe. Hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku. Mtu akipumzika, husukuma kama lita tano za damu kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu, husukuma lita 20 na zaidi. Msuli uliozoezwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, ndiyo maana moyo wa mkimbiaji hupiga taratibu anapopumzika. Moyo usiozoezwa hulazimika kupiga haraka ili ufanye kazi ile ile. Zaidi ya hayo, mwendo wa mwili hushusha shinikizo la damu na kuisaidia sukari iingie misulini badala ya kubaki ndani ya damu. Mahali pasipo na mwendo, na palipo na mafuta, moshi na chumvi, mishipa midogo inayolisha moyo hujengeka utando kwa miaka mingi. Siku moja utando hupasuka, damu huganda juu yake, na sehemu ya moyo inayokosa damu huanza kufa. Maumivu ya kifua yanayobana, yakiambatana na jasho baridi au kwenda mkononi na tayani, si jambo la kusubiri zamu iishe. Ni jambo la kupelekwa hospitali saa ile ile.

Katika vikosi, aliye hatarini zaidi si kuruta. Ni koplo aliyehamishiwa masijala, ni dereva wa afande, ni mpokea simu wa kituo cha polisi, ni afisa wa miaka 45 ambaye nyota ziliongezeka begani pamoja na inchi kiunoni. Ni mstaafu pia, aliyezoea kula kama mtu wa doria na ambaye sasa hana doria. Kwa watu hao kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 si kigumu: dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kutoa jasho jepesi, au nusu yake kwa anayekimbia. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano katika juma, zatosha kuanzia. Wakati wa karantini ya mwezi wa Aprili 2020 Rais Museveni, akiwa na umri wa miaka 75, alionyesha kwa filamu kwamba hata chumba cha ofisi chatosha, naye akapiga pushapu 30 mbele ya kamera.

Lakini pana tahadhari ambayo wakufunzi hawana budi kuishika. Mtu aliyekaa kitini miaka kumi hapaswi kuamriwa ghafla akimbie kilomita kumi na vijana kwa sababu tu jaribio la mwaka limefika. Juhudi kubwa ya ghafla kwa moyo usiozoea yaweza yenyewe kuleta mshtuko. Mtu huyo aanze kwa kutembea, aongeze kidogo kidogo kwa majuma, na kabla ya hapo apimwe shinikizo la damu. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu, na wengi wao hawakujua, kwa maana halimuumi mtu mpaka limekwisha kumdhuru. Kipimo chenyewe ni cha kufunga kitambaa mkononi kwa dakika chache, nacho chaweza kufanywa katika zahanati ya kambi siku ile ile ambayo askari amekwenda stoo kuomba suruali kubwa zaidi.