Miji Mipya, Barabara Mpya na Haki ya Mwenye Kiwanja

Tarehe 1 Julai 2020 miji saba ya Uganda ilipandishwa kuwa majiji: Arua, Fort Portal, Gulu, Jinja, Masaka, Mbale na Mbarara. Kabla ya siku hiyo nchi yetu nzima ilikuwa na jiji moja tu, nalo ni Kampala. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini jiji si jina lililoandikwa kwenye kibao mlangoni pa meya. Jiji ni barabara zipitikazo masika na kiangazi, ni mitaro isiyofurika, ni taa usiku, na ni ofisi ambamo mwananchi akiingia asubuhi na shida yake hutoka amejibiwa.

Wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi wanaijua miji hii kuliko watu wengi. Gulu ni makao ya Divisheni ya 4, Makenke karibu na Mbarara ni makao ya Divisheni ya 2, na Jinja kuna kambi ya Gaddafi. Tena historia ya miji hii na historia ya askari zimefungamana, kwa heri na kwa shari. Katika vita vya mwaka 1979 Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya sana, na makovu yake yalidumu miaka mingi. Gulu nayo ilipokea maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao katika vita vya kaskazini, mpaka silaha ziliponyamaza baada ya mapatano ya Agosti 2006. Watu wengi waliokuja kutafuta usalama mjini walibaki hapo hapo, wakajenga na kuzaa. Mji ukapanuka bila kumngoja mpangaji.

Hapo ndipo lilipoanzia tatizo tunalotaka kulieleza leo. Mji ukitangulia mpango, barabara huja baadaye na kukuta nyumba zimekwisha simama njiani.

Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 za Marekani kwa ajili ya kuimarisha miji 14 ya Uganda, chini ya usimamizi wa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji. Mpango huo ulijulikana sana kwa kifupi chake, USMID. Mwaka 2018 ziliongezwa dola milioni 360, na idadi ya miji ikafika 22, pamoja na wilaya zinazowahifadhi wakimbizi. Jambo la kusifiwa katika mpango huo ni kwamba fedha hazikugawiwa kama posho. Kila mwaka miji ilikaguliwa: je, una mpango wa maendeleo? Je, una mhandisi na mpangaji mji? Je, hesabu zake ni safi? Mji uliofanya vizuri ulipata zaidi, na mji uliozembea ulipunguziwa.

Barabara nyingi zilizojengwa kwa fedha hizo zina mitaro ya zege, njia za waendao kwa miguu na taa zitumiazo nguvu ya jua. Baadhi ya watu waliuliza kwa nini fedha za taa na mitaro zisirefushe lami. Swali hilo lina jibu. Adui wa kwanza wa barabara si lori, bali ni maji. Maji yakikosa njia hupenya chini ya lami na kulainisha udongo uliobeba kokoto, kisha gurudumu linalopita hapo hubomoa kilicho juu. Ndiyo maana mhandisi mwangalifu huanza na mtaro na kalvati, na tena huuliza mapema mabomba ya maji na nyaya vitapita wapi. Barabara ikikamilika leo na kesho ikachimbwa ili kupitisha bomba, fedha za wananchi zimemwagwa mara mbili.

Taa na njia za miguu ni jambo la usalama, na hapo polisi hawahitaji kufundishwa. Mtembea kwa miguu asiye na njia yake hulazimika kugombea lami na boda boda na magari. Mtaa wenye giza humpa mwizi maficho na kumfanya mama muuza ndizi afunge kibanda chake jua likizama. Askari wa doria anajua tofauti iliyopo kati ya kupiga zamu katika mtaa wenye mwanga na kupiga zamu gizani akiwa na tochi moja.

Sasa tuje kwenye ofisi. Kila moja ya majiji hayo saba iligawanywa katika divisheni mbili. Gulu ina Bardege-Layibi na Laroo-Pece; Masaka ina Kimaanya-Kabonera na Nyendo-Mukungwe; Jinja na Mbarara kila moja ina ya Kaskazini na ya Kusini. Kila divisheni inahitaji meya, karani wa mji, mhasibu, mhandisi na mahali pa kuwaweka. Sehemu zilizoongezwa ndani ya mipaka mipya zilikuwa vijiji jana, na wakazi wake wanataka leseni, vibali vya kujenga na majibu ya malalamiko yao kama wakazi wa katikati ya mji.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba kila shilingi iliyotumiwa kupanua ofisi ya baraza imepotea. Ramani inayohifadhiwa katika chumba kinachovuja itaoza, na ramani ikioza ugomvi wa mipaka huanza. Lakini vile vile hatukubali ofisi igeuke jumba la fahari. Chumba kinachostahili kujengwa kwanza ni kile apokewapo mwananchi, na kile ziwekwamo kumbukumbu za ardhi na mipango. Viti vya ngozi vya wakubwa vinaweza kungoja. Ofisi kubwa isiyo na mpangaji mji ni kama ghala lisilo na nafaka.

Ndugu askari, sehemu ya jambo hili inayowagusa ninyi hasa ni ile siku tingatinga linapofika. Barabara ikipanuliwa, au kiwanja kikitakiwa kwa ajili ya ofisi, mara nyingi polisi huitwa kulinda amani. Mwenye nyumba anasimama mlangoni na kusema, “Afande, mimi sijalipwa.” Mkandarasi anasema muda wake unakwisha. Ofisa wa baraza anasema hii ni kazi ya serikali. Askari afanye nini?

Ni wajibu wetu sote kuijua sheria. Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 inairuhusu serikali kutwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, lakini kwa sharti: mwenye mali alipwe fidia ya haki, ya kutosha na kwa wakati, kabla mali yake haijachukuliwa. Neno lenye uzito hapo ni “kabla”. Katika kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, iliyohusu mamlaka ya barabara za taifa iliyokuwapo wakati huo, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba sheria ya zamani ya kutwaa ardhi ilipingana na Katiba pale ilipokubali ardhi ichukuliwe bila fidia kutangulia. Basi ahadi ya kulipa si malipo, na kuharakisha kazi si udhuru.

Hesabu ya fidia nayo ina kanuni zake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inasema jengo lililo mjini lithaminiwe kwa bei ya soko, na mimea na miti kwa viwango vya bodi ya ardhi ya wilaya. Juu ya hayo huongezwa asilimia 15 kwa usumbufu wa kuhama, nayo hupanda hadi asilimia 30 ikiwa mtu amepewa notisi ya chini ya miezi sita. Mwananchi anayeyajua haya hudai haki yake kwa utulivu. Asiyeyajua hushika panga, au hutia sahihi karatasi asiyoielewa.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Yuko mtu aliyejenga kibanda juu ya hifadhi ya barabara akijua, na yuko aliyeinua ukuta usiku baada ya kuona mafundi wakipima. Hao hawawezi kusimama safu moja na mjane aliyekaa kwenye kiwanja chake halali miaka 30. Kazi ya kuwatenganisha ni ya mahakama na mthamini, si ya askari aliye mtaani. Askari anachoweza kufanya ni kuuliza kwa heshima: amri iko wapi, imetolewa na nani, na malipo yamefanyika? Kuuliza hivyo si kuasi. Ni kuilinda serikali isiaibike, na kujilinda mwenyewe pia.

Tunamalizia na jambo la nyumbani. Askari wengi huweka akiba, katika vyama kama Wazalendo cha jeshi na Exodus cha polisi, ili siku ya kustaafu wawe na nyumba yao. Akiba ya miaka 20 inaweza kumezwa na kiwanja kimoja kibaya. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, maana yake hakuna mahali ambapo mtu anaweza kujenga apendavyo bila kibali. Kabla hujatoa fedha, nenda kwenye ofisi ya mpangaji mji, uoneshwe kiwanja chako katika ramani, uulize kama barabara, mtaro au soko vimepangwa kupita hapo. Usitosheke na maneno ya dalali wala ya jirani. Kisha omba kibali cha kujenga kabla ya kuchimba msingi.

Ukifika huko ukaikuta ofisi imefungwa, au ramani haionekani, hapo utaelewa kwa nini tumesema kwamba ofisi na barabara ni mambo yaendayo pamoja. Miji yetu mingine iliwahi kubomolewa na vita. Tusikubali ibomolewe tena na uzembe wa mipango. Barabara ipite, ofisi ipanuke, na mwenye kiwanja alipwe kwanza.