Kompyuta Ikikataa Masasisho: Soma Namba Kwanza

Nawaandikia nyinyi mlioko Muscat, Seeb, Salalah, Dubai, Doha na kwingineko kutoka Buffalo, jimbo la New York. Nakaa na binti yangu katika mtaa wa Kensington-Bailey, kaskazini mashariki ya jiji. Majirani zetu wengi ni watu wa Bangladesh waliohamia huku wakitokea New York mjini, kwa hiyo mchele mzuri na bizari hatuvikosi. Kinachotushinda ni baridi tu.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilisoma skuli ya misheni Unguja, kisha nikafanya kazi ya ukarani miaka 34, kwa taipu na karatasi za kaboni, mpaka nikastaafu. Kompyuta nimejifunza uzeeni. Lakini nimeombwa na jamaa zaidi ya mmoja niandike namna ya kufanya pale Windows inapokataa kujisasisha, kwa sababu jambo hilo lilinifika mimi mwenyewe, na nusura linipotezee kitu ambacho pesa hainunui.

Yaliyonifika

Ilikuwa Januari 2024. Wale wanaofuata mpira wa Kimarekani watakumbuka kuwa mchezo wa Buffalo Bills na Pittsburgh Steelers uliahirishwa kutoka Jumapili ya tarehe 14 hadi Jumatatu ya tarehe 15 kwa ajili ya theluji. Siku hizo hatukutoka mlangoni. Kompyuta yangu ya mezani, ya Windows 10, ilikuwa imeleta sasisho la mwezi. Ikapakua, ikazunguka, ikafika mbali, kisha ikaandika kuwa imeshindwa. Nikajaribu tena, ikashindwa. Mara ya tatu nikampigia simu fundi mmoja wa dukani. Hakuniuliza hata swali moja. Akasema, “Ilete, tutafuta kila kitu tuweke Windows mpya.” Nikamuuliza, na vilivyomo? Akajibu, “Vyote vitaondoka.”

Sasa sikilizeni vilivyomo. Marehemu dada yangu aliyekuwa Seeb alitumia miaka miwili ya mwisho ya umri wake kupiga skani karatasi za ukoo: vyeti vya kuzaliwa, barua alizotuandikia ami yetu baada ya kurudi Oman mwaka 1972, picha za harusi za Ng'ambo na Mji Mkongwe, na shajara aliyoichora kwa mkono wake. Alikuwa akinitumia kwa barua pepe, kidogo kidogo. Karatasi zenyewe, baadhi yake, zimeshaliwa na mchwa. Nakala ilikuwa moja tu, kwenye kompyuta ile. Mimi, karani mzima, sikuwa nimeweka ya pili.

Kama barabara zingekuwa wazi siku ile ningeipeleka. Theluji ndiyo iliyonizuia. Usiku, ambao kwao ni asubuhi maana Oman iko mbele yetu saa 9 wakati wa baridi, nikampigia mtoto wa dada yangu.

Akasema, “Shikamoo mjomba. Kabla hujampelekea mtu, nisomee namba ya kosa.”

“Namba ipi?”

“Windows ikishindwa huandika namba. Tafuta.”

Namba iko wapi

Hapa ndipo pa kuanzia, na ndiyo nasaha yangu kubwa. Fungua palipoandikwa Settings. Katika Windows 10 ingia Update & Security, halafu Windows Update, halafu View update history. Katika Windows 11 ingia Windows Update, halafu Update history. Utaona orodha ya masasisho, yaliyoingia na yaliyoshindwa. Kila sasisho lina jina linaloanza na KB na tarakimu zake, na lililoshindwa aghalabu huwa na namba ya kosa inayoanza na 0x. Chukua daftari uandike vyote viwili, pamoja na tarehe. Usitegemee kichwa. Ukimpigia mtu simu ukamwambia “imegoma”, hujamwambia kitu. Ukimsomea namba, umempa nusu ya jibu.

Yangu ilikuwa 0x80070070. Maana yake ni nyepesi: diski imejaa. Diski yangu ilikuwa ya GB 128, na nafasi iliyobaki ilikuwa GB 2. Kompyuta haikuwa mbovu. Ilikuwa kama kabati la ofisi lililojaa mafaili hadi mlango haufungi, na mimi nalazimisha faili jipya liingie.

Kusafisha, na pale nilipokaribia kuteleza

Ukienda Settings, System, Storage, kisha Temporary files, Windows itakuonesha orodha ya vitu vinavyoweza kufutwa. Mimi kwa furaha ya kupata dawa nikatia alama kila kisanduku. Juu pakaandikwa jumla: GB 41. Nikashituka. Takataka gani za GB 41? Karani hatii saini karatasi asiyoisoma, basi nikarudi juu kusoma mstari mmoja mmoja. Katikati ya orodha palikuwa na neno Downloads.

Ndugu zangu, Downloads si takataka. Ni folda ya kila ulichopakua kutoka kwenye barua pepe na intaneti. Kazi yote ya dada yangu ilikuwa humo, kwa sababu sikuwahi kuihamisha. Windows haikuwa imetia alama kisanduku hicho, niliitia mimi. Nilikuwa mbofyo mmoja tu kabla ya kuyafuta yote.

Nikaondoa alama, nikazima taa, nikaenda kulala. Asubuhi binti yangu akaazima diski ya nje, tukanakili kwanza, ndipo tukasafisha. Kwa hiyo utaratibu ninaowashauri ni huu, na msiupindue:

1. Andika namba ya kosa na jina la KB.

2. Nakili picha, vyeti na barua kwenye diski ya nje. Fungua mafaili machache huko kwenye diski kuhakikisha yanafunguka.

3. Iwashe kompyuta upya kwa Restart, si kwa Shut down. Katika Windows ya siku hizi, Shut down mara nyingi haifungi kila kitu. Huhifadhi sehemu ya mfumo ili kuwaka haraka baadaye. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa, na makosa mengi madogo huishia hapo.

4. Tazama nafasi ya diski. Sasisho la kila mwezi linahitaji GB kadhaa. Toleo jipya zima la Windows linahitaji kiasi cha GB 20 zilizo wazi.

5. Jaribu tena sasisho, moja tu, uiache imalize. Asilimia zikionekana usizime umeme, hata zikisimama pale pale muda mrefu.

Mimi nilihamisha video, nikapata nafasi, nikafanya Restart, na sasisho likaingia kwa muda wa kikombe cha chai. Sikumlipa mtu hata senti moja.

Namba nyingine mtakazokutana nazo

Ikiwa ni 0x80072F8F, tazama saa na tarehe. Kompyuta huzungumza na Microsoft kwa njia iliyofungwa, na hati za njia hiyo zina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, hati huonekana batili. Kompyuta kuukuu hupoteza saa kwa sababu kibetri kidogo cha mviringo kilicho ndani kimekwisha. Ni kitu cha bei ndogo.

Ikiwa ni 0x80073712 au 0x800F081F, aghalabu mafaili ya Windows yenyewe yana kasoro. Tafuta Command Prompt, bofya kitufe cha kulia cha kipanya uchague Run as administrator, kisha andika: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Subiri imalize, inaweza kuchukua nusu saa. Halafu andika: sfc /scannow. Amri hizi mbili hukagua na kutengeneza mafaili ya mfumo. Hazigusi picha wala barua zako. Fuata mpangilio huo, DISM kwanza.

Ikiwa sasisho linapakuliwa nusu na kuharibika kila mara, kuna kitengeneza makosa ndani ya Windows. Kiko Settings, palipoandikwa Troubleshoot, na humo uchague Windows Update. Kikishindwa hicho, mwambie kijana anayejua akubadilishie jina la folda ya SoftwareDistribution, ambayo ni ghala la masasisho. Windows itajenga ghala jipya. Lakini orodha ya historia inaweza kupotea, ndiyo maana nikasema uandike namba kwanza.

Kisha ipo 0x80070643, na hii ina kisa chake. Tarehe 9 Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 la Windows 10. Lilihitaji nafasi ya MB 250 iliyo wazi katika kile kipande cha diski kilichofichwa, cha kuokolea kompyuta inapokwama. Kompyuta nyingi za majumbani zilikuwa na kipande kidogo kuliko hicho, na sasisho likashindwa duniani kote. Hata namba yenyewe haikusema ukweli wote: ilisema tu kuwa usakinishaji umeshindwa, haikusema ni nafasi. Kampuni ilieleza jambo hilo hadharani na kutoa maelekezo ya kukuza kipande hicho. Kwa maoni yangu, kukata na kuunga vipande vya diski si kazi ya wazee kama sisi. Sasisho lile lilihusu kasoro ya BitLocker, ile kinga ya kufunga diski, na ili kuitumia kasoro hiyo mwizi ni lazima aishike kompyuta yako kwa mikono. Nimelitaja ili mjue kuwa si kila kushindwa ni kosa lako, na wala si kila kushindwa kunataka kufuta kompyuta nzima.

Kwa nini tusiache tu

Wapo wanaosema, “Kompyuta inafanya kazi, masasisho ya nini?” Jibu ni la mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei kirusi kinachoitwa WannaCry kikapitia tundu lile lile, kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Waliokuwa wamesasisha, tundu lao lilikuwa limezibwa miezi miwili nyuma.

Na hapa kwetu, mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 9 Aprili 2017, wezi wa namna hiyo walizifunga kompyuta za hospitali ya Erie County Medical Center, iliyoko Grider Street, si mbali na mtaa wetu. Hospitali ilikataa kuwalipa. Wauguzi na madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi kwa wiki kadhaa, na gharama ikafika karibu dola milioni 10.

Kuna wezi wengine wanaopenda wazee khasa. Ukurasa unajitokeza kwenye skrini, unalia, umeandikwa kuwa Windows yako imeharibika na upige namba fulani ya simu. Au mtu anakupigia akisema yeye ni wa Microsoft. Microsoft haiwapigii watu simu bila kuombwa, na ujumbe wake wa makosa hauna namba ya simu. Kata simu, funga ukurasa. Usimpe mtu ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yako akiwa mbali, isipokuwa unamjua kwa sauti na kwa jina la mama yake.

Na wale wa Windows 10

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wa majumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mlango wake uko kwenye ukurasa ule ule wa Windows Update. Windows 11 inataka kompyuta yenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 64 angalau. Nyingi za zamani hazina TPM hiyo. Kama yako haina, hakuna amri itakayoitia. Anza kuweka akiba ya kununua nyingine, na usimwache mtu akuuzie “matengenezo”.

Kazi za dada yangu sasa ziko mahali 3: kwenye kompyuta yangu, kwenye diski iliyo kabatini kwa binti yangu, na kwa mwanawe kule Seeb, ambaye amechapisha shajara kwa karatasi kubwa na kuitundika sebuleni. Zamani ofisini kila barua ilikuwa na nakala ya kaboni, na hakuna aliyeona tabu. Basi kabla ya kubofya chochote kesho, nendeni mkatazame kwenye folda ya Downloads. Mara nyingi hayo mnayoyapenda yamelala humo, na hamjui.