Namba ya Padri Mersenne

Tuandike kwanza namba yenyewe: 147 573 952 589 676 412 927. Ina tarakimu 21. Kuipata si kazi ngumu: uzidishe 2 kwa 2, tena kwa 2, mpaka hizo 2 zitimie 67, halafu uondoe 1.

Aliyeipa sifa ni padri Mfaransa, Marin Mersenne, wa shirika la Waminimi. Katika kitabu chake cha mwaka 1644 alisema kwamba namba hii ni tasa, ndiyo kusema haigawanyiki pasipo baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa nini namba hizo zilitafutwa sana? Kwani kila namba tasa ya ukoo huu huzaa namba kamili. Ndivyo 3 inavyozaa 6, ambayo ni jumla ya vigawanyo vyake 1, 2 na 3. Mtakatifu Augustino naye aliisifu 6 kwa sababu hiyo.

Basi, Padri Mersenne alikosea. Tusimcheke, maana kosa lake lilikaa zaidi ya miaka 200 bila mtu kulivumbua. Mwaka 1876 Edouard Lucas, Mfaransa pia, alionyesha kwamba namba hii inagawanyika, lakini vigawanyo vyake hakuvijua! Yawezekanaje? Kuna hesabu ndefu ambayo, namba ikiwa tasa, lazima iishie kwa baki 0. Hii haikuishia kwa 0. Yatosha kukana, haitoshi kuonyesha.

Vigawanyo vyenyewe havikutafutwa ovyo. Kila kigawanyo tasa cha namba hii lazima kiwe kizidisho cha 134 (mara mbili ya 67) na 1 juu yake. Tuone kwa namba ndogo: 2 zikiwa 11, tunapata 2 047, nayo ni 23 × 89. Sasa 23 ni 22 na 1. 89 ni 88 na 1. Hata hivyo, kwa 67 zilibaki nyingi za kujaribu.

Tarehe 31 Oktoba 1903, mjini New York, profesa Frank Nelson Cole alionyesha jibu mbele ya wenzake: 193 707 721 × 761 838 257 287. Husimuliwa kwamba aliandika ubaoni bila kusema neno, akapigiwa makofi. Na kwamba kazi ilimchukua Dominika za miaka mitatu. (Mseminari asimwige katika hilo!)

Tujaribu kwa 9, kama shuleni. Jumla ya tarakimu za namba ya kwanza ni 37, yaani 10, yaani 1. Ya pili ni 64: tena 1. Mara 1 kwa 1 ni 1. Na namba ya Padri Mersenne? Jumla ni 109, yaani 10, yaani 1. Lakini jaribio la 9 laweza kupitisha hesabu yenye kosa. Mwenye karatasi pana azidishe mwenyewe.